Saa Tatu ya Wapi?

Mwenye kibanda umiza anaijua Jumapili ya mwisho ya Oktoba kuliko mwalimu wa jiografia. Jumamosi inayoitangulia, mechi nyingi za Ligi Kuu ya Uingereza bado zinaanza saa 11:00 jioni, na ubao ulioegeshwa mlangoni unasema hivyo kwa chaki. Wiki inayofuata zinaanza saa 12:00. Ile ya mwisho ya siku inasogea kutoka saa 1:30 usiku hadi 2:30, na za Ligi ya Mabingwa Ulaya zilizokuwa zikianza saa 4:00 usiku zinakwenda saa 5:00, hata mpira unaisha saa saba kasoro na daladala za kurudi nyumbani hakuna. Mteja asiye na habari anafika mapema, anakuta matangazo ya biashara, anaanza kukilaumu king'amuzi.

Waliohamisha saa ni Waingereza na wenzao wa Ulaya. Machi wanaisogeza mbele ili jioni ya kiangazi iwe ndefu, Oktoba wanairudisha. Sisi hatugusi kitu. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia Januari hadi Desemba, kwa kuwa huku karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki kiasi cha kumsumbua mtu.

Ndiyo maana nashangaa kila ninaposikia saa za Kiswahili zikitupiwa lawama kwamba ndizo zinazochanganya watu. Tofauti yake na saa za kizungu ni sita, haijawahi kuwa saba. Tiketi ya boti ya Zanzibar ikiandikwa 07:00 ni saa moja asubuhi leo, na Desemba itakuwa saa moja asubuhi. Penye hatari ya kweli ni usiku wa manane, maana kalenda ya kimataifa inageuza siku saa sita usiku, na sisi usiku tunauona mmoja tangu magharibi hadi alfajiri. Ndege ya Jumapili 00:40 inaruka usiku wa kuamkia Jumapili. Abiria anayefunga mizigo Jumapili jioni, akaagwa na ukoo mzima, anafika uwanjani ndege ikiwa imeondoka jana yake usiku.

Saa ya dunia yenyewe ni makubaliano tu. Oktoba 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington, wengi wao wakaafiki kwamba mstari wa kuanzia hesabu upite Greenwich, London. Ufaransa haikuupigia kura, ikaendelea na saa ya Paris hadi 1911. Siku hizi wakati huo unatunzwa kwa saa za atomiki na unaitwa UTC kwa kifupi. Tangu 1972 umeongezewa sekunde 27, mojamoja, ili usiachane na mzunguko wa dunia, na imeshaamuliwa utaratibu huo ukome ifikapo 2035. Sekunde hizo hazijamkosesha mtu basi. Saa nzima ndizo zinazotuumiza. Hata hii tatu yetu ilihangaika kabla ya kutulia: wakati wa ukoloni Kenya iliwahi kuwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, kisha saa mbili na dakika 45.

Ukitaka kuona makubaliano hayo yanavyogombana na jua, nenda Kigoma. Saa tatu mbele ya Greenwich ni haki ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Tanzania nzima iko magharibi yake. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na ushei, Kigoma haifiki 30, na kila nyuzi moja jua huichukua dakika nne. Kwa hiyo jua la Kigoma huchelewa kama dakika 40 nyuma ya lile la Dar, ingawa saa za ukutani zinalingana. Ramadhani, adhana ya magharibi inapotoka redioni kutoka Dar, mfungaji wa Ujiji bado ana jua usoni. Uji umeiva, tende ziko sahanini, na hagusi. Kwa jua lake yuko karibu zaidi na mtu wa Bujumbura, ambaye saa yake iko moja nyuma.

Tunduma mpaka umepita katikati ya biashara za watu. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia, iliyo saa mbili tu mbele ya saa ya dunia. Tunduma ikiwa saa mbili asubuhi, jirani unayemwona kwa macho yuko saa moja. Simu ikinasa mnara wa upande wa pili inaweza kujibadilisha saa bila kukuuliza, na aliyeitegesha imwamshe awahi basi la Dar anaamka saa nzima baadaye.

Wanaoomba ufadhili wa masomo nao wana yao. Tangazo linasema mwisho ni 23:59, halafu basi. Kama ni UTC, Dar itakuwa saa tisa kasoro dakika moja usiku unaofuata. Baadhi ya mikutano ya kitaaluma huhesabu hadi siku iishe popote duniani, yaani saa 12 nyuma ya UTC, na hapo mwombaji ana nafasi mpaka saa tisa kasoro dakika moja mchana wa kesho yake. Katika hili niwasifu Wamarekani. Tangazo lao la bahati nasibu ya viza la 2022 lilisema maombi yanafunguliwa Oktoba 5 saa sita mchana, saa nne nyuma ya Greenwich, na kufungwa Novemba 8 saa sita mchana, saa tano nyuma. Katikati hapo saa zao zilirudishwa. Kwa Dar maombi yalifunguliwa saa moja jioni yakafungwa saa mbili usiku, na mwenye kusoma hadi kwenye mabano hakuwa na sababu ya kukosea.

Kamati za harusi bado hazijafika huko. Katibu anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Ndugu wajumbe, kikao ni Jumapili saa 3 usiku." Shangazi aliyeko Muscat, mzaliwa wa Unguja, anaingia saa tatu ya kwake. Oman iko saa moja mbele yetu, kwa hiyo anajikuta peke yake kikaoni huku wa Dar hata meza hawajaandaa. Mpwa aliyekulia Minneapolis analiruka neno usiku, ile 3 anaisoma kama saa tisa alasiri ya kwao. Anapoingia, Dar ni saa tano usiku, bajeti ya ukumbi imeshapita, na anataka kujua kwa nini anaombwa mchango bila kushirikishwa. Katibu anayejua kazi yake angeandika: saa 3 usiku Dar, saa 4 usiku Muscat, saa 7 mchana Minneapolis. Ikifika Jumapili ya kwanza ya Novemba, afute hiyo 7 aweke 6, za Dar na Muscat aziache zilivyo.