Gofu katika Uwanda wa Ugogo

Wako watu ambao wakilisikia neno gofu huona mara moja majani mabichi yaliyokatwa sawasawa, bwana mwenye kofia nyeupe, na kijana wa Kiafrika nyuma yake amechukua mkoba wa fimbo. Picha hiyo haikuzuliwa. Katika siku za ukoloni vilabu vya gofu vya Tanganyika vilikuwa kwa kawaida vya Wazungu, na Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa kazi. Lakini mchezo wenyewe haukukulia katika ubwana huo.

Ulikulia pwani ya Scotland, juu ya ardhi ya mchanga isiyofaa kulimwa. Kondoo ndio waliopunguza majani, na upepo ndio uliochimba mashimo ya mchanga. Mwaka 1552 wenyeji wa St Andrews walithibitishiwa kwa hati haki yao ya kuutumia uwanda ule kwa malisho na kwa michezo, gofu ikiwamo. Mgogo mwenye ng'ombe wake angeielewa nchi ile upesi kuliko karani wa mjini.

Basi tuitazame Dodoma. Mji huo uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua zake ni chache, nazo hunyesha zaidi baina ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ardhi hugeuka rangi ya kutu, mibuyu husimama bila jani, na miamba iliyopandana hung'aa jioni kama shaba iliyosuguliwa. Hapo mpira uliopigwa vizuri hufika mbali kuliko pwani, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Ukianguka juu ya udongo mgumu huendelea kukimbia kama kanga aliyeshtuliwa. Mchezaji huufuata kwa miguu. Mzunguko wa mashimo 18 ni mwendo wa kilomita saba au zaidi, na raha imo katika mwendo huo kuliko katika hesabu ya mapigo. Upepo wa Julai humlazimisha kufikiri kabla ya kupiga, na baina ya pigo na pigo ana wasaa wa kumsikiliza mwenziwe. Anayecheza Morogoro amesimamiwa na milima ya Uluguru kama ukuta wa kijani. Katika uwanda wa kati hakuna ukuta, iko mbingu.

Hata hivyo, majani ya kijani hutaka maji kila siku ya kiangazi. Kwa miaka mingi Dodoma imetegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia huko makao makuu, watu wamezidi kuongezeka. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 765,179 katika jiji hilo. Haiwi sawa uwanja wa mchezo unyweshwe huku mama anangoja ndoo ijae.

Lakini ni nani aliyesema lazima pawe na majani? Huko Coober Pedy, katika jangwa la Australia, gofu huchezwa juu ya ardhi tupu. Mchezaji hubeba kipande kidogo cha majani ya bandia, akauweka mpira juu yake na kupiga. Kwingineko katika nchi kame, mahali penye shimo hutandazwa mchanga uliotiwa mafuta kidogo usipeperuke, na kila aliyemaliza husawazisha nyayo zake kwa reki. Gofu ya namna hiyo ingefaa Dodoma, nayo isingeficha rangi ya nchi.

Linalotia shaka zaidi ni uzio. Kiwanja kikongwe cha St Andrews kwa kawaida hakichezwi gofu siku za Jumapili: wenyeji huingia na watoto wao na mbwa wao, wakatembea watakapo. Dodoma, siku kama hiyo, wangepita pia ng'ombe.