Uwanja Mlimani: Jiwe ni Mali, Maji Ndiyo ya Kuogopwa

Ukisafiri kwa barabara ya taifa namba 2 ya Kongo kutoka Kanyabayonga kwenda Butembo, kabla ya kufika Lubero unapita Alimbongo, kwenye mgongo wa milima, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huko inapendwa na viazi, maharage na kabichi. Tambarare ni haba: nyumba, mashamba na njia, vyote vimeshikilia mteremko. Mtoto akikosea kupiga mpira, anaufuata bondeni.

Ndiyo maana mwenye parsele akisema anataka kuwajengea watoto uwanja wa basketi au voliboli nyuma ya nyumba, la kwanza analoambiwa na jirani ni habari ya mawe. Mawe yapo, tena mengi. Lakini fizikia ya mteremko inalitetea jiwe: ni mali ya mjenzi. Kinachobomoa viwanja vya mlimani ni maji, na anayelijua hilo mapema huokoa fedha, jasho, na pengine nyumba ya aliye chini yake.

Uulaze ubavu

Uwanja kamili wa basketi una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Tuseme mlima unashuka mita 1 kwa kila mita 5. Urefu wa uwanja ukielekea bondeni, ncha ya juu na ya chini zitapishana kwa mita 5.6. Ukiulaza ubavu, urefu ukifuata mkunjo wa mlima, tofauti inakuwa mita 3 tu.

Njia iliyozoeleka ni kukata upande wa juu na kujazia upande wa chini kwa kile kilichochimbwa. Kwa mpango wa kwanza utachimba kama mita za ujazo 294. Kwa wa pili, 158. Karibu nusu ya kazi imeondoka kabla sururu haijainuliwa.

Jua nalo lina neno lake. Alimbongo iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza na kutua bila kuuacha mstari wa mashariki na magharibi kwa zaidi ya nyuzi 24. Uwanja ulioelekezwa huko humtia mchezaji jua la jioni machoni. Mteremko unaotazama mashariki au magharibi basi ni bahati kubwa: ukiulaza uwanja ubavu, unaelekea wenyewe kaskazini na kusini.

Mstari wa usawa hupatikana bila mashine. Wakulima wa milimani wanaochimba matuta hufunga fito tatu kwa umbo la herufi A, na kuning'iniza timazi kutoka kileleni: kamba yenye jiwe inatosha. Simamisha chombo, tia alama pale kamba inapokatiza ufito wa kati. Geuza, mguu wa kulia ukae palipokuwa wa kushoto, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kuanzia hapo chombo kinatembezwa ubavuni mwa mlima, mguu mmoja baada ya mwingine, na kila kamba inapotulia katikati, kigingi kinapigwa.

Jiwe na udhaifu wake

Sehemu kubwa ya miamba ya milima hii iliundwa zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita, ikapikwa na kukandamizwa chini ya ardhi muda mrefu kabla Bonde la Ufa halijafunguka na kulipatia nafasi Ziwa Edward upande wa mashariki. Maji ya mvua yameila kwa kupenya nyufa zake. Sehemu laini zimegeuka udongo mwekundu, sehemu ngumu zimebaki ndani yake kama mabonge. Gonga kwa mtalimbo: sauti ikiwa butu na jiwe likitikisika, umekuta bonge linaloweza kung'olewa. Mtalimbo ukilia kwa ukali na mkono ukafa ganzi, huenda umeufikia mwamba wenyewe.

Mwamba hupasuliwa kwa kufuata matabaka yake, kabari ikiingizwa katika ufa uliopo. Penye jiwe zima lisilo na ufa, wapasuaji katika sehemu nyingi za Afrika yetu huwasha moto juu yake kisha hulimwagia maji. Siri iko ndani ya chembe za madini ya jiwe. Kwatzi ikipata moto hutanuka kuliko felspa iliyoshikana nayo, na inapokaribia nyuzi 573 za Selsiasi fuwele zake hubadili mpangilio na kutanuka kwa kasi zaidi. Chembe zinasukumana hadi zinaachana. Maji yakimwagwa, uso wa jiwe unasinyaa ghafla wakati ndani bado kuna moto, nao unapasuka. Vipande huruka kwa nguvu, kwa hiyo watoto wakae mbali na macho yakingwe. Moto huo pia hula kuni nyingi. Kabari ikitosha, iachwe ifanye kazi.

Mwamba uliovunjwa hujaza nafasi kubwa kuliko ulipokuwa mzima: mita 1 ya ujazo yaweza kuwa karibu mita 1.5 ya kifusi. Hakuna cha kutupa. Mawe makubwa yaende kwenye ukuta, madogo nyuma ya ukuta, kokoto chini ya sakafu.

Ukuta unaopitisha maji

Upande wa chini, udongo uliojazwa unataka kuporomoka, na ukuta unauzuia. Msukumo wake huongezeka kwa kipeo cha pili cha kimo: ukuta wa mita 3 husukumwa mara nne kuliko wa mita 1.5. Ndiyo sababu kuta mbili fupi, zikiachiana nafasi ya angalau mara mbili ya kimo cha ule wa chini, ni salama kuliko mmoja mrefu.

Sasa tazama maji. Nyuma ya ukuta wa mita 1.5, udongo mkavu wa kawaida husukuma kila mita ya ukuta kwa kani inayolingana na uzito wa kama kilo 700. Maji yakijaa hapo hadi juu bila pa kutokea, yenyewe husukuma kwa zaidi ya kilo 1,100. Udongo uliolowa na maji kwa pamoja hupita mara mbili ya mzigo wa awali. Ukuta uliosimama imara Julai huanguka Novemba bila mtu kuugusa.

Wazee wa kanda hii walilijua jibu. Kule Thimlich Ohinga, karibu na Migori nchini Kenya, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, zenye kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, zimesimama tangu karne ya 16 hivi, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia. Zilijengwa kuzingira makazi, lakini ufundi wake unafaa hapa: mawe yaliyofumana, na kila pengo ni njia ya maji. Ukuta wa uwanja uwe na kitako kipana, takriban nusu ya kimo chake, uelemee mlima kidogo, na nyuma yake kuwe na safu ya mawe madogo. Anayejenga kwa saruji lazima aache matundu ya kutolea maji. Kimo kikipita mita 1.5, aitwe mhandisi.

Sakafu na mvua

Kabla ya kujaza, ondoa udongo mweusi wa juu, uupeleke bustanini, kisha ukate ngazi kwenye mteremko ili kifusi kikae badala ya kuteleza. Jaza kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, ukishindilia kila moja. Bana udongo kiganjani: ukishikana bila kutoa maji, unafaa kushindiliwa. Nusu ya uwanja itakaa juu ya mwamba usiozama, nusu juu ya kifusi kinachozama, na ufa hutokea pale vinapokutana. Kuacha kifusi kipitiwe na msimu mzima wa mvua kabla ya kumwaga zege ni busara.

Sakafu isiwe sawa kabisa. Ishuke sentimita 1 kwa kila mita 1, yaani sentimita 15 kutoka ukingo wa juu hadi wa chini. Mchezaji hataona, maji yataona. Mvua ya milimita 30 juu ya uwanja wa mita za mraba 420 ni lita 12,600, mapipa 63 ya lita 200. Yanakwenda wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature ulihesabu makorongo 2,922 katika miji 26 ya Kongo, na maji ya mabarabara na mapaa ndiyo yanayoyachimba. Uwanja ni paa lililolala chini. Maji yake yaingie kwenye mtaro wa mawe, tangini, au bondeni penye nyasi zenye mizizi, kamwe yasielekezwe kwa jirani.

Gharama nayo ipimwe. Zege la sentimita 10 kwa uwanja kamili ni mita za ujazo 42, mifuko ya saruji kama 250 ya kilo 50. Uwanja wa voliboli, mita 18 kwa 9, unafaa mlima zaidi: upana wake kwenye mteremko uleule unatofautiana kwa mita 1.8 tu, kabla ya kuongeza ukingo wa kukimbilia kadiri parsele inavyoruhusu. Moramu iliyoshindiliwa vizuri inatosha kuanzia.

Vita vilipofika Alimbongo Desemba 2024, wengi walilazimika kuhama, na mtu aweza kuuliza kama uwanja ni jambo la kufikiriwa sasa. Ni jambo la kufikiriwa, kwa sababu watoto waliohangaika wanahitaji mahali pa kucheza, na kwa sababu elimu hii hii ndiyo inayoshikilia nyumba, shule na shamba la viazi juu ya mlima. Anayetaka kuanza asianze na sururu juu ya jiwe. Achimbe kwanza mfereji wa kukinga maji upande wa juu, wakati wa kiangazi, aende na jirani wa chini kuonyeshana maji yatapita wapi. Mvua ikinyesha na mfereji ukashika, kazi ya mawe ianze.