Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Inatoroka

Msimu wa kununua pamba ndio msimu wangu wa viyoyozi. Malori yanapishana kati ya Mwanhuzi na Bariadi, mkoani Simiyu, vumbi la changarawe linasimama angani, na mwenye gari dogo hana ujanja ila kupandisha vioo. Hapo ndipo anapogundua kuwa kinachotoka kwenye dashibodi ni upepo tu. Anafika kwangu na jibu lake mkononi: "Fundi, gesi imeisha, nijazie."

Kauli hiyo ndiyo inayomgharimu. Gesi ya kiyoyozi haiungui kama petroli wala haipungui kwa kupikia kama ya mtungi wa jikoni. Inazunguka. Kompresa inaigandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza mpaka iwe kimiminika, valvu inaipitisha kwenye tundu jembamba, kisha ndani ya dashibodi, kwenye evaporeta, inageuka mvuke tena huku ikinyonya joto la hewa. Gari dogo hubeba takribani nusu kilo tu. Ikipungua, imetokea mahali. Ni kweli mipira huipitisha kidogo kidogo kwa miaka, lakini gari lililojazwa Mei na kuacha kupoza Julai lina tundu.

Kulitafuta naanza kwa macho. Gesi husafiri pamoja na oili ya kompresa, na inapotoroka huiacha oili nje. Kwa hili vumbi letu linasaidia: hunata kwenye oili, na penye uvujaji pakawa na doa jeusi lenye utelezi. Napitisha kidole kwenye maungio ya mabomba, kwenye shingo ya kompresa, kisha kwenye uso wa kondensa. Kondensa ndiyo inayoumia zaidi huku kwetu, kwa kuwa kokoto zinazorushwa na gari la mbele huipiga yenyewe kwanza. Wakati mwingine haijatoboka kabisa, imezibwa tu na vumbi, wadudu na nyuzi za pamba, na maji ya mpira yasiyo na kasi kubwa yanatosha kurudisha ubaridi. Nimewahi kumrudisha mteja nyumbani kwa bei ya kuosha.

Maji yanayodondoka chini ya gari baada ya safari si ugonjwa. Ni unyevu wa hewa uliogeuka matone kwenye evaporeta, kama jasho la chupa ya soda baridi. Maji yakikosa njia ya kutoka na kulowesha zulia, hapo ndipo uje.

Geji nayo ina mtego wake. Gari likiwa limezimwa na hewa ikiwa nyuzi 30, R-134a, gesi iliyomo kwenye magari mengi yaliyotoka Japani, husoma karibu psi 97. Itasoma hivyo hivyo ikiwa imejaa au imebaki nusu, maadamu kimiminika bado kimo, kwa sababu presha hiyo inafuata joto. Kwa hiyo fundi anayechungulia geji ya gari lililozimwa na kutangaza "iko sawa" anabahatisha.

Doa lisipoonekana, naingiza nitrojeni kwa presha na kupaka povu la sabuni, nikisubiri viputo. Nitrojeni, narudia. Oksijeni ya mtungi wa kuchomelea ikikutana na oili chini ya presha inaweza kulipuka, na upepo wa kujazia matairi hupeleka unyevu ndani. Uvujaji mwembamba zaidi unataka rangi maalumu na taa ya zambarau, au kifaa cha kunusa gesi, ambacho husaidia sana kwa evaporeta iliyojificha nyuma ya dashibodi. Kuifikia hiyo ni kazi ya siku, na ndiyo sababu mafundi wengi huikwepa na kujaza tu.

Yapo ya hatari kuliko kujaza. Gesi ikipungua sana, swichi ya presha huikatia kompresa umeme ili isijiue kwa kukosa oili. Kuna anayeunga waya moja kwa moja, na wiki mbili baadaye unanunua kompresa. Kuna anayejaza gesi ya kupikia, ambayo inapoza vizuri kweli, mpaka siku inapovujia ndani ya gari lenye mvuta sigara. Kuna pia mitungi bandia. Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka bandarini na kuua watu baada ya kujazwa gesi ghushi iliyokuwa na kloridi ya methili, ambayo hushambulia aluminiamu. Kondensa yako ni aluminiamu.

Tundu likishapatikana, tiba mara nyingi ni ndogo: oringi ya kijani isiyozidi pete ya kidole, au kondensa nyingine. Kama mfumo ulibaki wazi, badilisha pia kichujio cha unyevu. Kisha pampu inyonye hewa kwa nusu saa au zaidi, izimwe, na sindano itazamwe kama inarudi. Kabla ya hayo yote, gesi iliyobaki ivutwe kwenye mtungi, isifunguliwe hewani: kilo moja ya R-134a hupasha joto dunia kama kilo 1,430 za kabonidayoksaidi, na ndiyo maana nchi zilikubaliana Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi za ukoo wake.

Kujaza ni kwa mizani. Mkulima wa Simiyu hakubali pamba yake ikadiriwe kwa macho pale AMCOS, chama chake cha ushirika, lakini mkulima huyo huyo anakubali gesi yake "ijazwe mpaka ipoe". Fungua boneti, tafuta stika inayotaja gramu za gari lako, na msimamie fundi mtungi ukiwa juu ya mizani. Pembeni ya stika aandike kwa kalamu ya wino mzito tarehe na gramu alizoweka, ili fundi atakayefungua boneti hiyo mwakani ajue kiasi gani kimetoroka.