Wavu wa Shemeji

Wavu wa kutega katika Ziwa Victoria haubandikwi jina la mwenyewe. Kinachomtaja ni maboya. Ya kiwandani ni ghali, kwa hiyo wavuvi wengi hujitengenezea kwa walichonacho. Huyu anakata soli za kandambili kuukuu, za bluu tupu, vipande vya pembe tatu. Yule anatumia chupa za maji na kuzikaza kwa mafundo mawili, hata siku moja si matatu. Wa tatu ana dumu la mafuta ya kula alilolipaka rangi iliyobaki siku alipopaka mlango wa nyumba yake, na mlango upo, unaonekana ukiwa majini. Mtoto wa darasa la nne aliyekulia mwaloni, pale boti zinapotia nanga na samaki kushushwa, anaweza kukaa juu ya jiwe asubuhi akakutajia nyavu za nani zimelala wapi, kama anavyojua mbuzi wa kila nyumba.

Mwandishi wa makala haya alikwenda visiwa vya Ukerewe kuulizia bei ya mabondo, vibofu vya hewa vya sangara. Habari ya maboya aliipata kwa kupita tu, kutoka kwa mtu mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mwembe, na tangu hapo mabondo yakakosa ladha.

Mtu huyo ni katibu wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi cha mwalo wake. Ameomba jina lake lisiandikwe, wala la mwalo. Si tabu, maana hapo kijijini hata jina lake ni kama limesahaulika; wazee kwa watoto humwita Katibu. Ni mvuvi tangu ujana, ana boti moja na nyavu za sangara, na ukatibu haumlipi mshahara.

Anachosimulia ni kisa cha alfajiri moja ya doria. Walikuwa watatu kwenye boti la kuazima, petroli ya kuchangishana. Karibu na matete, mahali ambapo kila mmoja anajua samaki huzalia, wakaona boya: nusu ya soli ya kandambili ya kijani, imetobolewa kwa msumari wa moto, imefungwa kwa kamba nyekundu. Hakuna aliyesema kitu. Mjumbe mmoja aliuvuta wavu, Katibu akatoa futikamba, akalinyoosha tundu moja kutoka fundo hadi fundo kama wanavyofundishwa. Inchi 4. Kwa sangara, wavu wa tundu lililo chini ya inchi 6 ni haramu.

Lakini futikamba, anasema Katibu, ilikuwa ya kupoteza muda. Wote watatu walishajua wavu ni wa nani tangu boya lilipoonekana, na wale wajumbe wawili hawakuwa wanautazama wavu. Walikuwa wanamtazama yeye usoni. Wavu ulikuwa wa shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja.

Msomaji anayekula sato mjini anaweza kudhani hapa hakuna cha kuamua. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, Kanuni zake za 2009 zipo, na BMU zimeundwa kwa kazi hiyohiyo: kufanya doria, kukusanya takwimu na kumpa taarifa ofisa uvuvi. Sangara asipungue sentimita 50, mdogo aachwe akue. Sato asipungue sentimita 25. Makokoro, timba (nyavu za uzi mmoja wa plastiki) na katuli (kupiga maji ili samaki wakimbilie wavuni) ni marufuku. Yote haya Katibu anayajua kwa moyo, tena anayaamini. Anakumbuka sangara waliokuwa wakibebwa na watu wawili kwa mti begani.

Ila sheria inamwona mhalifu na mtoa taarifa. Haimwoni dada.

Katibu anaeleza hesabu aliyoipiga pale majini bila kuzima injini. Akiuchukua wavu na kuuandikia ripoti, utakwenda kwa ofisa uvuvi, na nyavu haramu mwisho wake huwa ni moto. Shemeji atatozwa faini au atafikishwa mahakamani. Wavu ule ndio uliokuwa unalipa mahitaji ya shule ya mpwa wake, ambaye kwa wakati huo alikuwa analala nyumbani kwa Katibu kwa sababu ni karibu na sekondari. Akiuacha, wajumbe wawili watakuwa wamemwona akiuacha, na kuanzia hapo hawezi kumgusa mtu yeyote mwaloni, kwa sababu kila atakayekamatwa atauliza kandambili ya kijani imekwenda wapi. Na akiuchukua bila kuandika, akauficha au akautupa, atakuwa ameiba wavu.

Hilo la wizi ndilo lililomkaa mwandishi kichwani. Wizi wa nyavu na injini ni balaa la muda mrefu katika ziwa hili, na hapo Katibu hasiti hata kidogo. Akimwona mtu anavuta nyavu zisizo zake, atapiga simu, atapiga yowe, na kijiji kizima kitaingia majini. Hakuna atakayemwita mnoko. Lakini mtu akipeleka taarifa ya timba, jina hilo litamfuata mpaka msibani. Kwa nini yule anayekula nyavu za jirani ni adui wa wote, na anayekula samaki wa wote ni mwenzetu aliyebanwa na maisha? Katibu ana jibu moja, na halimridhishi: mwenye timba huwezi kumwonyesha mtu aliyemdhulumu. Samaki ambaye hakukua hana mwenyewe wa kwenda kulalamika.

Wachumi Håkan Eggert na Razack Lokina, huyu wa pili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwahi kuwahoji wavuvi 459 wa upande wa Tanzania kuhusu kanuni wanazozivunja wenyewe. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yanamsaidia Katibu na kumuumiza kwa pamoja. Wavuvi wengi hupunguza makosa wakiona uwezekano wa kukamatwa ni mkubwa, lakini pia wanaangalia kama sheria ina haki machoni pao na wenzao wanafanya nini. Kuna kikundi kidogo, hata hivyo, ambacho hakishtuliwi na adhabu wala aibu. Wanavunja kanuni mfululizo na wanatoa rushwa ili wapite.

Katibu hakuwahi kusikia juu ya utafiti huo, lakini aliposimuliwa alicheka na kutaka kujua kama majina yameandikwa, maana yeye anaweza kuyakamilisha. Kila mwalo unawajua watu hao. Wana boti nyingi, wana mabaharia vijana wanaoweza kukamatwa badala yao, na wana namba za simu za watu ambao Katibu hawezi kuwapigia. Taarifa juu ya watu wa namna hiyo ndiyo inayotakiwa zaidi na ndiyo inayotolewa kwa nadra zaidi. Kwa hiyo anayechomwa ni nani? Ni mtu wa wavu mmoja, mwenye boya la kandambili, asiye na wa kumtetea ila shemeji yake.

Mwaka 2018 suala hili lilitolewa mikononi mwa wajumbe wa mwalo. Operesheni Sangara, wakati Luhaga Mpina akiwa waziri wa mifugo na uvuvi, ilikuja na vikosi kutoka nje ya kisiwa. Nyavu zilichomwa kwa malundo. Watanzania wengi wanaikumbuka kwa kisa cha Juni mwaka huo, pale maofisa walipoingia kwenye mgahawa wa Bunge jijini Dodoma na rula, wakapima samaki ambao walishapikwa. Taifa lilicheka. Mwaloni, kwa maelezo ya Katibu, kicheko hakikuwa kikubwa. Kikosi kilikuja, kikachoma, kikaondoka, na waliobaki walitumia miezi kutafutana: nani alionyesha nyumba? Nani alipanda boti lao? Yeye mwenyewe alinyimwa mkono wa salamu na mtu ambaye nyavu zake hakuwa hata amezitaja.

Hakuna upande wa ziwa uliopata dawa. Uganda ilizisimamisha BMU mwishoni mwa 2015, na mwaka 2017 ikaingiza jeshi majini. Upande wa Kenya, mtafiti Christine Etiegni na wenzake walionyesha jinsi viongozi wa BMU wanavyozisogeza kanuni za serikali pembeni na kufuata desturi za jamii inayowapigia kura. Haishangazi. Ukimfanya askari achaguliwe na watu anaotakiwa kuwakamata, atakamata kwa adabu sana. Lakini ukileta askari asiyemjua mtu, hatajua pia kandambili ya kijani ni ya nani. Ujuzi wote aliokuwa nao Katibu alfajiri ile ulitokana na ujirani, na ujirani huohuo ndio uliomfunga mikono.

Kisheria yapo makaratasi ya kumlinda. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Mwandishi alimweleza Katibu kwamba jina la mtoa taarifa linaweza kufichwa. Alisikiliza kwa heshima, kisha akaonyesha kwa kidole mahali pale kijijini ambapo mtandao wa simu hushika vizuri: ni juu ya jabali, wazi, mbele ya mama lishe wawili na fundi wa injini. Boti la doria likija siku ya pili na kwenda moja kwa moja penye wavu, watu watakumbuka nani alipanda jabali jana.

Alfajiri ile alifanya jambo ambalo haliko kwenye kanuni yoyote. Alichomoa kisu, akakata boya moja, akauacha wavu. Aliwaambia wajumbe kwamba anatoa onyo la kwanza, na kwamba onyo hilo atalitoa kwa kila mtu, shemeji au si shemeji. Jioni alikwenda kwa dada yake. Hakuongea habari za nyavu. Aliulizia homa ya mtoto, akanywa uji, na alipoaga akaliacha lile boya kwenye kigoda alichokalia. Shemeji alikuwepo. Aliliona, akasema tu, "Karibu tena, shemeji."

Tangu hapo, anasema, amekata maboya ya watu wengine kadhaa na kuyarudisha kwa njia hiyo. Wengine waliziondoa nyavu. Mmoja alikuja usiku kumshukuru, amevaa koti la mvua ingawa hakukuwa na mvua. Mwingine aliyekatiwa boya na bado akarudia, Katibu alimwandikia ripoti, wavu ukaenda, na hadi leo mke wa mtu huyo haiuzii nyumba ya Katibu dagaa. Hilo Katibu analitaja kwa uchungu kuliko matusi aliyotukanwa na mume.

Na shemeji? Shemeji alibadilisha maboya. Sasa anatumia vipande vya tairi jeusi, kama wavuvi wengine watatu wa mwalo huo, na nyavu zake haziwezi kutofautishwa na zao. Kama bado ni za inchi 4, Katibu anasema hajui, na anasema hivyo huku akiendelea kushona bila kuinua macho. Wajumbe wake wawili wana maoni yao. Mmoja anaona boya la kwanza lilikuwa hekima. Mwingine ameacha kwenda doria, na hajatoa sababu.

Je, alikosea? Mwandishi hawezi kulisema hilo kwa mtu anayeishi hatua chache kutoka kwa wale anaowahukumu, ingawa ni wazi kwamba huruma ile ilimfundisha shemeji namna ya kujificha vizuri zaidi. Sangara wadogo walionaswa kwenye matete yale hawakupewa onyo la kwanza. Lakini ripoti ya alfajiri ile ingechoma wavu mmoja, na huenda ingekuwa ya mwisho kuandikwa na BMU hiyo.

Kabla ya kuagana, Katibu aliukunja wavu wake, akauliza kama mwandishi anaishi Mwanza mjini. Alipoambiwa ndiyo, alitaka kujua jambo moja. Timba hazifumwi kisiwani, na wavu wa inchi 4 shemeji hakuukuta ukiota kwenye matete. Mwaka 2018 mkono wa serikali ulifika hadi kwa wafanyabiashara wa nyavu, yeye mwenyewe alisikia redioni, lakini bado nyavu zinafika, mpya, kwenye mifuko yake. Zinauzwa kwa fedha taslimu na watu wenye maduka na vibao. Yeye hupimwa uaminifu wake kwa kumtaja ndugu yake. Anayepita mbele ya duka kila siku akienda kazini, yeye hupeleka taarifa kwa nani, na ameshapeleka lini?