Sindano ya Nguvu: Je, ni Dawa ya Uzee?

Baadhi ya wazee wetu wanatuuliza kama kweli Marekani imepatikana sindano ya kurudisha ujana. Sindano ipo, lakini kazi yake ni nyingine.

Ndani ya chembe hai za mwili mna vijisehemu viitwavyo mitokondria. Hayo ndiyo meko yake: humo chakula na oksijeni hugeuzwa kuwa nguvu. Moyo, usiopumzika usiku wala mchana, una meko mengi sana.

Huku Kagera tuliwahi kuona meko hayo yakiharibika. Dawa za UKIMWI zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, mojawapo ilikuwa stavudini. Iliokoa wengi, hilo tusilisahau. Lakini iliumiza mitokondria. Tukaona mashavu yamebonyea na nyayo zinawaka moto, mtu asiweze kuvumilia hata shuka miguuni. (Wapo waliodhani wamerogwa.) Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe, nayo ikaondolewa.

Sindano mpya inaitwa elamipretide, na dukani Forzinity. Ni peptidi, yaani kipande kifupi mno cha protini. Hushikamana na mafuta yanayoimarisha kuta za ndani za mitokondria. Septemba 2025 Marekani iliiruhusu kwa ugonjwa wa Barth, ugonjwa adimu wa kurithi unaowapata hasa wavulana: moyo dhaifu, misuli milegevu, kukua polepole. Huchomwa chini ya ngozi kila siku, kwa mwenye kilo 30 au zaidi. Ruhusa yenyewe ni ya masharti, maana waliojaribiwa walikuwa 12 tu, na manufaa yake bado yanatakiwa kuthibitishwa.

Na uzee? Panya wazee walichomwa kwa wiki 8, mioyo yao ikafanya kazi vizuri zaidi. Lakini watu 218 wenye magonjwa mengine ya mitokondria walipojaribiwa, waliopata dawa hawakutembea mbali kuliko waliochomwa sindano isiyo na dawa.

Basi, Ta na Ma, anayekuuzia sindano ya ujana usimpe fedha zako za kahawa. Ukichoka kupita kawaida njoo tupime damu, presha na sukari. Mara nyingi chanzo ni hapo, na dawa zake tunazo. Na mama mwenye mtoto anayetoka jasho na kuhema anaponyonya, asingoje: amlete asikilizwe moyo.