Kwa nini wawindaji wa dubu wanabanana milimani Marekani

KILA mwaka katikati ya mwezi wa Oktoba, kabla ya mapambazuko, barabara za changarawe zinazopanda milima ya Appalachia, magharibi mwa jimbo la North Carolina nchini Marekani, huanza kujaa pikapu zilizobeba vizimba vya mbwa. Huo ndio wakati wa kufunguliwa kwa msimu wa kuwinda dubu, na anayechelewa huenda akakosa hata mahali pa kuegesha gari lake.

Msongamano huo unashangaza kwa kuwa uwindaji kwa jumla umekuwa ukififia nchini humo. Uchunguzi wa serikali kuu ya Marekani ulikadiria kwamba wawindaji walipungua kutoka milioni 13.7 mwaka wa 2011 hadi milioni 11.5 mwaka wa 2016. Hata hivyo, katika milima hii wanaomfuata dubu wamezidi kuongezeka, na wengi wao wanategemea ardhi ile ile ya umma.

Kwa Mkenya, ambaye serikali yake ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, huenda ikawa vigumu kufahamu jinsi raia wa kawaida anavyoweza kuingia katika msitu wa umma akiwa na bunduki na mbwa, akamuua mnyama mwenye uzani wa zaidi ya kilo 100, kisha akaenda zake na nyama bila kuvunja sheria yoyote. Jibu limo katika historia ya ardhi yenyewe.

Milima hiyo ilikuwa makao ya Wacherokee, ambao wengi wao walitimuliwa na jeshi mwaka wa 1838. Walowezi walienea humo, wakafuatwa na kampuni za mbao ambazo, kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, zilikuwa zimeiacha miteremko mingi ikiwa vipara. Sheria ya mwaka wa 1911 iliiruhusu serikali kuu kununua maeneo ya aina hiyo ili kulinda vyanzo vya mito. Msitu wa Kitaifa wa Pisgah ulibuniwa mwaka wa 1916, na ule wa Nantahala ukafuata mwaka wa 1920. Kwa pamoja, misitu hiyo miwili ina zaidi ya ekari milioni moja.

Ardhi ilibadilisha mwenyewe, lakini wenyeji hawakubadilisha mazoea. Waliendelea kuwinda humo kama walivyowinda babu zao, na hadi leo wengi wao huichukulia misitu hiyo kuwa shamba lao la pamoja.

Idara ya Misitu inayoisimamia ilianzishwa mwaka wa 1905, enzi za Rais Theodore Roosevelt, yule yule aliyeteremka Mombasa Aprili 1909 kwa safari ndefu ya kuwinda. Miaka michache kabla ya safari hiyo, mnamo 1902, Roosevelt alikataa kumpiga risasi dubu aliyekuwa amezingirwa na mbwa na kufungwa kamba mtini huko Mississippi. Mchoro wa gazeti kuhusu kisa hicho ndio uliozaa mwanasesere wa dubu anayekumbatiwa na watoto duniani kote. Wengi wanaomnunulia mtoto mwanasesere huyo hawajui kwamba chimbuko lake ni uwindaji wa mbwa, aina ile ile inayozozaniwa leo milimani.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba ardhi ina msimamizi wake, na mnyama ana wake. Idara ya Misitu, ambayo ni ya serikali kuu, husimamia miti, barabara na njia za wapita kwa miguu. Dubu naye yuko chini ya mamlaka ya jimbo, kupitia Tume ya Rasilimali za Wanyamapori ya North Carolina. Tume ndiyo hutoa leseni, hupanga tarehe za msimu na kuamua kwamba kila mwindaji ataua dubu mmoja pekee kwa msimu. Msomaji anayejua jinsi KFS na KWS zinavyogawana majukumu katika misitu ya Kenya hatapata shida kuona tatizo linaweza kuchipuka wapi. Nje ya maeneo yenye masharti maalumu, hakuna mamlaka iliyopewa kazi ya kusema ni nani aanzie kwenye kigongo kipi cha mlima, wala ni wangapi wanatosha humo kwa siku moja.

Kwa miongo mingi pengo hilo lilizibwa na desturi. Uwindaji wa dubu milimani ni kazi ya kundi, mara nyingi la ndugu, mashemeji na majirani, na kila kundi lilijulikana kwa bonde lake. Mbwa mwenye pua kali husimamishwa juu ya gari linaloendeshwa polepole. Akinusa harufu ya dubu aliyevuka barabara usiku, hubweka, na wenzake hufunguliwa vizimba. Mbio zinazofuata zinaweza kuchukua saa nyingi na kuvuka mabonde kadhaa, hadi dubu apande mti au ageuke kukabiliana na mbwa. Wawindaji huwafuata kwa miguu na kwa magari, wakiwasiliana kwa redio.

Mbwa wanaosifika zaidi kwa kazi hiyo ni wa aina ya Plott, waliopewa jina la familia yenye asili ya Ujerumani iliyowasili Marekani katikati ya karne ya 18 na ambayo kizazi chake kilihamia kaunti ya Haywood. Mwaka wa 1989 mbwa huyo alitangazwa kuwa mbwa rasmi wa jimbo. Hivyo basi, anayegusa uwindaji wa mbwa hugusa pia heshima ya watu wa milimani, na wanasiasa wa huko wanalijua hilo vyema.

Mbwa, hata hivyo, hasomi ramani. Wala hajui kwamba dubu anayemfukuza ameingia katika bonde ambako kundi jingine limefungua mbwa wake muda huo huo. Makundi mawili ya mbwa yakichanganyika nyuma ya dubu mmoja, swali la nani mwenye windo hilo huwa gumu. Kwa desturi, haki ilikuwa ya waliomwanzisha. Desturi hiyo ilifanya kazi watu walipojuana kwa majina. Ikiwa kundi la pili limetoka kaunti ya mbali au jimbo jingine, na limelipia leseni kama wengine, halina sababu ya kisheria ya kurudi nyuma.

Wapo pia wanaowinda bila mbwa. Hawa hukaa kimya tangu alfajiri karibu na miti ya mwaloni, wakimngoja dubu aje kula mbegu zilizoanguka. Mbwa kumi wakipita hapo wakibweka, subira ya siku nzima huwa imekwenda na maji. Aidha, njia maarufu ya watembeaji ya Appalachia, yenye urefu wa takriban kilomita 3,500, hukatiza katika misitu hii, na majira ya majani kubadilika rangi yanayowavutia watalii ndiyo hayo hayo ya ufunguzi wa msimu. Kalenda husaidia kidogo: baada ya awamu ya kwanza, uwindaji wa dubu husimama mwishoni mwa Novemba ili kuwapisha wawindaji wa kulungu, kisha hurejea Desemba hadi Januari 1. Lakini kalenda haiwatenganishi wanaomwinda dubu wenyewe kwa wenyewe.

Ongezeko hilo lina sababu zaidi ya moja. Ya kwanza ni dubu mwenyewe. Kufikia miaka ya sabini, dubu weusi wa North Carolina walikuwa wamebaki katika vijisehemu vya milima na vinamasi vya pwani. Leo wanakadiriwa kuwa zaidi ya 20,000 na wameenea katika takriban asilimia 60 ya ardhi ya jimbo hilo. Windo likiwa tele, watu huvutika.

Ya pili ni teknolojia. Zamani mwindaji aliwatafuta mbwa wake kwa kusikiliza milio kutoka kigongo hadi kigongo, ujuzi uliochukua miaka kuupata. Siku hizi mbwa huvishwa kola zenye mitambo ya setilaiti, na mwenye mbwa huona kwenye kioo mahali kila mmoja alipo. Mgeni asiyelijua bonde anaweza kuwinda humo tangu siku ya kwanza.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni kupungua kwa mashamba makubwa ya watu binafsi. Eneo la mji wa Asheville na viunga vyake limekua, na mashamba ambayo wenyewe waliwaruhusu majirani kuwinda yamegawanywa kuwa viwanja vya nyumba. Mwindaji wa kulungu anaweza kutosheka na ekari chache. Mwenye mbwa hawezi. Anachosalia nacho ni msitu wa umma, na humo ndimo wote wanakosukumwa.

Dubu nao wamegundua kwamba viwanja hivyo ni salama na vina chakula cha bure. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina uliofanyiwa Asheville ulionyesha kwamba majike wa umri wa mwaka mmoja wanaoishi mjini walikuwa na uzani unaokaribia maradufu ya wenzao wa msituni, na baadhi yao walizaa wakiwa na miaka miwili tu. Wawindaji basi husongamana milimani ilhali dubu walionona wanapekua mapipa ya taka mtaani, ambako bunduki haiwezi kufyatuliwa.

Isitoshe, mamlaka zenyewe hazina haraka ya kumrudisha mwindaji nyumbani. Tangu sheria ya mwaka wa 1937, ushuru unaotozwa bunduki na risasi hugawiwa majimbo kwa ajili ya kuhifadhi wanyamapori, na ada za leseni huongezea mfuko huo. Majimbo mengi yamekuwa yakiendesha kampeni za kuwasajili wawindaji wapya, na mwaka wa 2020, wakati wa janga la Covid-19, mauzo ya leseni yalipanda katika majimbo mengi bila hata kampeni. Tume inamhitaji mwindaji kwa fedha zake, na pia ili apunguze dubu ambao wakazi wanalalamikia. Kumwambia asije ni kujikatia tawi iliyokalia.

Shinikizo hilo ndilo lililofika kwenye malango ya hifadhi. Mnamo 1971, dubu walipokuwa wachache, jimbo lilitenga maeneo ya takriban ekari 800,000, milimani na pwani, ambamo kuwawinda kulikatazwa. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: jike hazururi mbali na alipozaliwa, hivyo hifadhi kubwa humkinga yeye na watoto wake, huku madume yakitoka nje na kuwindwa. Wengi wanaamini mpango huo ndio uliowarejesha dubu.

Februari 2022, tume iliidhinisha uwindaji wa dubu kwa vibali katika hifadhi tatu za milimani: Panthertown-Bonas Defeat, Standing Indian na Pisgah. Ilisema dubu wameongezeka vya kutosha na kwamba hifadhi hizo haziwezi kuendelea kuzalisha ziada inayomwagika kwenye makazi ya watu. Maoni mengi yaliyotolewa na umma yalipinga hatua hiyo. Wapinzani walihoji vipi kumwinda dubu ndani kabisa ya msitu kutamzuia mwingine kupindua pipa la taka Asheville, na swali hilo halikuwa la kupuuzwa.

Lakini kwa suala la msongamano, hatua hiyo ilileta jambo ambalo ardhi iliyo wazi haijawahi kuwa nalo, yaani kikomo. Vibali vya hifadhini hutolewa kwa kura na idadi yake hujulikana mapema. Baadhi ya wawindaji wanaona huo ndio utaratibu unaofaa kwa milima yote. Wengine, hasa wa makundi ya kale ya mbwa, wanauchukia, kwa kuwa kura haimtambui aliyezaliwa bondeni wala kundi lililowinda pamoja kwa vizazi vitatu. Ndugu mmoja anaweza kupata kibali, mwingine akakikosa.

Anayekikosa bado ana leseni yake na mbwa wake. Oktoba ikifika, hurudi kwenye barabara zile zile za changarawe, katika sehemu za msitu ambako hakuna kura, kuungana na waliofika kabla yake.