Kiwanja cha kisasa: angalia mulango kwanza, paa baadaye

Mwenye kufuata mechi za Chancel Mbemba, wakati alipokuwa akichezea Olympique de Marseille kuanzia 2022, amekwisha kuona Stade Vélodrome kwa televizyo: paa jeupe lenye umbo la mawimbi, viti zaidi ya 67,000, na watu wanaoimba tangu mwanzo hadi mwisho. Kiwanja hicho kiko Marseille, muji wa bandari kusini mwa Ufaransa. Kilifunguliwa mwaka wa 1937, na jina lake linatokana na mashindano ya kinga, yaani baiskeli, yaliyokuwa yakifanyika humo. Kati ya 2011 na 2014 kilijengwa upya, viti vikaongezwa na majukwaa yote yakafunikwa, juu ya kupokea Kombe la Ulaya la 2016.

Siku isiyo na mechi, mugeni anaweza kulipa na kutembezwa ndani. Anaona vyumba ambamo wachezaji wanavalia, anapita katika njia wanayotokea, anafika pembeni ya majani na kupiga picha. Wengi wanarudi nyumbani wakisimulia paa. Lakini kitu cha maana zaidi ni kidogo, na kimeandikwa ku kiti: namba.

Namba ile inafunga pamoja vitu vinne: tikiti, mulango, ngazi na njia ya kutoka. Tikiti inaonyesha mutu aingilie wapi na akae wapi. Mashine ya mulangoni inaisoma na kuhesabu. Kwa hiyo wasimamizi wanajua kila jukwaa lina watu wangapi, na hawauzi tikiti kupita viti. Wajenzi nao wanapima upana wa ngazi na milango kufuatana na hesabu hiyo. Kitabu cha usalama cha Uingereza, kinachofuatwa katika inchi nyingi, kinataka watu wa jukwaa waweze kutoka kwa muda usiopita dakika 8.

Ulaya haikuanza na akili hiyo. Iliipata kwa vilio. Tarehe 15 Aprili 1989, kule Hillsborough katika muji wa Sheffield, Uingereza, watu walibanwa kwenye vyuma vya uzio. Waliokufa walikuwa 97. Kisha ripoti ya uchunguzi iliomba viwanja vikubwa vyote viwe vya kukaa, bila kusimama. Ufaransa nayo, tarehe 5 Mei 1992, kule Furiani karibu na Bastia, jukwaa lililojengwa haraka ili tikiti nyingi ziuzwe lilianguka mbele ya mechi ya Bastia na Marseille. Watu 19 walikufa, na zaidi ya 2,000 waliumia. Kombe la Ufaransa la mwaka huo halikumalizika.

Huku kwetu pia tumezika watu. Mwezi wa Septemba 2008, Butembo, Kivu ya Kaskazini, vurugu ilianza kiwanjani juu ya tuhuma za uchawi kati ya timu mbili. Polisi wakatupa moshi wa machozi, watu wakakimbilia kutoka, na zaidi ya kumi wakakanyagwa mpaka kufa. Tarehe 24 Januari 2022, kule Olembe, Yaoundé, watu 8 walikufa ku mulango wakati wa Kombe la Afrika. Mukubwa wa CAF, Patrice Motsepe, alisema mulango uliopaswa kuwa wazi ulikuwa umefungwa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, watu 11 walikufa Stade des Martyrs, Kinshasa, siku ya muziki. Olembe kilikuwa kipya kabisa. Upya wa ukuta peke yake haulindi mutu.

Kwa mwenye kutoka Kalemie, si lazima kufika Marseille ili kuona kiwanja cha kisasa. Lubumbashi, katika komini ya Kamalondo, TP Mazembe ilifungua kiwanja chake mwaka wa 2011, chenye majani ya bandia na viti karibu 18,000. Hapo ndipo, Novemba 2015, ilishinda USM Alger 2-0 na kupata kombe la Afrika la tano. Ni kidogo sana kando ya Vélodrome, lakini kinaonyesha kwamba ukubwa si kipimo cha kwanza.

Na pale ambapo hakuna paa wala mashine, kama katika viwanja vingi vya Tanganyika, bado kuna mambo yasiyoomba makuta mengi. Kuhesabu watu na kufunga mauzo wakati nafasi imekwisha. Kuwa na milango miwili ao zaidi, inayofunguka kwa nje. Mwenye funguo abaki mulangoni mpaka mutu wa mwisho atoke. Kuacha njia ya ambulansi wazi, bila pikipiki wala meza za biashara. Polisi kutotupa moshi wa machozi ndani ya ukuta wenye watu.

Upande wa mama ao papa anayekwenda mechi na watoto, kazi ni moja: kabla ya kukaa, tafuta mulango wa pili, waonyeshe watoto, na mupatane mutakutana wapi kama mukipoteana.